Kutembea na Kamera Kila Uendako: Ndiyo, Ila Iwe Tayari

Wanaojifunza kupiga picha kwangu hawakosi kuniuliza: je, mpiga picha atembee na kamera kila aendako? Ndiyo, atembee nayo. Ila kamera isiyo tayari, hata ikiwa begani, ni mzigo tu, na hilo nililijua kwa uchungu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka kazini, mvua inanyesha. Kando ya njia, bibi mmoja alikuwa amesimama na mjukuu wake. Mtoto amechuchumaa, anaitazama sura yake kwenye dimbwi. Bibi kamsogezea mwavuli wote, mgongo wake mwenyewe umelowa chapachapa. Kamera ninayo. Lakini imo ndani ya begi, begi liko chini ya koti la mvua, lenzi ni ile ndefu ya kazini na kifuniko bado kiko juu yake. Nilipomalizana na zipu nikabonyeza mara mbili. Zote zilitoka nyeupe kama karatasi. Jana yake usiku nilikuwa nimepiga ukumbini kwenye giza, na kamera ilikuwa bado imebaki na ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kushika mwanga) na kasi ya shata 1/60, yaani pazia la kamera linaachia mwanga kwa sehemu ya sitini ya sekunde: mipangilio ya gizani, si ya mchana. Wakati narekebisha, mtoto akainuka, wakaondoka zao.

Ansel Adams, bingwa wa picha za mandhari wa Marekani, naye nusura akose picha yake mashuhuri kuliko zote. Ilikuwa jioni ya tarehe 1 Novemba 1941. (Yeye mwenyewe hakuiandika tarehe, wanafalaki waliikokotoa baadaye kutokana na mahali mwezi ulipokuwa.) Akiwa njiani huko New Mexico aliuona mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez, na miale ya mwisho ya jua inaangaza misalaba makaburini. Akasimamisha gari, akaitegesha haraka kamera yake kubwa ya filamu za inchi 8 kwa 10, akatafuta kipima mwanga asikione. Bahati yake ni kwamba mwangaza wa mwezi alikuwa anaujua kwa kichwa, basi akapiga hesabu palepale akabonyeza. Alipogeuza kibebeo cha filamu ili apige ya pili, jua likawa limeshaiacha misalaba. Kamera yake ilikuwemo garini, sawa, lakini kilichompatia picha ni mazoea ya miaka.

Mazoea hayo hayapatikani kwa kutoa kamera mara moja kwa mwezi. Ndiyo maana nawahimiza watu watembee nayo hata siku ambazo hawatarajii kuona lolote: vidole vijue vitufe gizani, na jicho lijue mwanga unaangukia wapi saa ngapi. Ile njia unayopita kila siku ukiwa na kamera, baada ya wiki chache utajua ni ukuta upi unaopata jua la pembeni asubuhi, na dirisha lipi linarudisha mwanga upande wa kivuli.

Kamera yenyewe iwe ndogo. Mwili mkubwa na lenzi yake nzito utaubeba kwa moyo siku tatu, ya nne utauacha nyumbani. Kwenye hiyo ndogo yangu nina lenzi moja tu, ya milimita 28, inayochukua eneo pana, na kila nikimaliza kazi, kabla sijaiweka kamera chini, nairudisha kwenye mipangilio ileile: tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo), shata 1/250, ISO ijichague yenyewe, fokasi naiweka kwa mkono kwenye mita 3.3. Kwa sensa (kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ya milimita 36 kwa 24, vipimo hivyo vinafanya kila kitu kuanzia kama mita 1.7 hadi upeo wa macho kitoke wazi. Yaani sihitaji kungoja kamera itafute fokasi. Nainua, nabonyeza. Giza likiingia nafungua tundu, na hapo inabidi niwe makini tena na umbali.

Simu nayo ni kamera, na kwa mwanga mzuri inatosha kabisa. Tatizo langu nayo ni kwamba naitoa ili nipige picha, najikuta nasoma ujumbe.

Kuna mahali siendi na kamera: kwa mgonjwa wangu, na kwenye msiba wa watu wangu. Zamani nilikuwa naiweka begini nikijiambia sitaitoa. Lakini nikiwa nayo, macho yangu yanapanga fremu hata nisipotaka, na mtu aliyelala kitandani anahitaji anishike mkono, si nimtafutie mwanga wa dirishani. Mwanasaikolojia Linda Henkel wa Marekani alichapisha mwaka 2014 utafiti uliofanyika ndani ya jumba la makumbusho: watu waliopiga vitu picha nzima walivikumbuka vibaya kuliko walivyokumbuka vile walivyovitazama tu. Waliovuta lenzi wakapiga sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu hivyo. Naona inaingia akilini, maana mtu huwezi kuchagua sehemu moja kabla hujakitazama kitu chenyewe.

Hatari nyingine ni kupiga bila kurudi kuangalia. Mpiga picha Garry Winogrand, aliyezunguka mitaa ya Marekani na kamera ndogo ya Leica miaka nenda rudi, alipofariki mwaka 1984 aliacha roli takriban 2,500 za filamu ambazo hata hazijasafishwa. Namheshimu sana, lakini hapo simwigi. Kila Jumapili jioni namwaga kadi yangu kwenye kompyuta, nachagua picha tatu za wiki na kuzichapisha ndogo kwenye karatasi, kisha nafuta zile ambazo hata mimi sijui nilizipiga kwa nini. Kuna wiki sipati hata moja. Kadi naifomati, betri naichaji, f/8, mita 3.3, naiweka karibu na mlango.