Asiyeona Anaposoma Simu

Kazi yangu ni kuwafundisha wasioona kutembea kwa fimbo nyeupe, na kauli inayonichosha kuliko zote ni ile inayorushwa ndani ya daladala pindi mwenye fimbo anapotoa simu na kusoma ujumbe: "Mbona anaona? Tapeli huyu!" Msemaji amefunzwa na tamthilia, ambamo kipofu huvaa miwani myeusi, hupapasa kuta, huishi katika giza totoro, kisha huombewa akafumbua macho.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kuwa haoni ikiwa jicho lake lililo bora halifikii 3/60, yaani hata kwa mita tatu halioni kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita sitini, au ikiwa uwanja wake wa kuona hauzidi nyuzi 10 kutoka katikati. Isomeni tena hiyo sehemu ya pili, kwa sababu waandishi wa miswada ya tamthilia hawajapata kuisikia. Mwenye glakoma iliyokomaa (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho), au retinitisi pigmentosa (ugonjwa wa kurithi unaokula retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), anaweza kubakiwa na tundu dogo la katikati linalosoma herufi za simu vizuri tu, huku mtaro ulio mbele ya mguu wake, bodaboda inayotokea ubavuni na mkono ulionyoshwa kumsalimu vikiwa nje kabisa ya tundu hilo. Kinyume chake, aliyeharibika katikati ya retina huweza kuuona mtaro asiuone uso wako, nanyi mkasema anaringa.

Je, nimshauri mwanafunzi aifiche simu? Vitabu vya fani yetu havinisaidii. Nikimwambia aifiche, nimemfanya aigize kipofu wa tamthilia. Nikimwambia aitoe, atakayetukanwa ni yeye, si mimi. Huwa namwachia aamue mwenyewe, na sina hakika kama huo ni ushauri au ni kukwepa.

Masikio ya ajabu? Baadhi ya waliopofuka utotoni kweli huwashinda wenye kuona katika kupambanua sauti, lakini aliyepofuka ukubwani husikia kama mimi, ila amejifunza kuzingatia. Na fimbo haipungwi hewani kama ya mfukuza kuku: ncha hupita chini, kushoto na kulia, ikikagua mahali mguu unaofuata utakapokanyaga.

Mwongozaji akiniomba nimfunge mwigizaji kitambaa machoni ili "ajifunze upofu", nakubali shingo upande, maana kitambaa humfundisha hofu ya aliyepofuka leo, si mwendo wa aliyezoea. Ningependa nafasi hiyo apewe msanii mwenye uoni hafifu, aachwe atumie uoni wake uliobaki mbele ya kamera, hata kama watazamaji watalalamika kwamba hajui kuigiza kipofu.