Je, wajua kwa nini mwamba wa baharini usio na mtu huenda una wenyewe?

Kabla bandari au hoteli kubwa haijajengwa ufukweni Tanga, sheria inataka ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira, na kanuni za 2005 zinamtaka mwenye mradi atafute maoni ya watakaoguswa. Wengi hudhani maana yake ni wenyeji kusema tu kama wanautaka mradi au hawautaki, kisha ukweli utaletwa na mtaalamu na vifaa vyake. Si hivyo hata kidogo. Wenyeji wana taarifa ambazo mgeni wa wiki moja hazipati hata awe hodari vipi, na sababu kubwa ni mwezi.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja. Hilo ndilo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Tanga tofauti hiyo hupita meta 3. Wiki moja hivi baadaye, mvuto wa jua hupunguza nguvu ya ule wa mwezi, yanakuja maji mafu. Bahari haitoki mbali. Sehemu kubwa ya mwamba hubaki imefunikwa.

Sasa, akina mama wanaochokoa pweza huenda mwambani wakati wa bamvua, maji yakitoka. Hutembea na mchokoo mkononi wakipekua tundu moja moja, na wanayajua matundu ambayo pweza mwingine huhamia baada ya wa kwanza kutolewa. Mpimaji akija maji mafu hakuti mtu. Ataandika kuwa eneo halitumiki, na kwa siku alizokuwepo atakuwa ameandika kweli. Ni sawa na kukagua gulio siku isiyo ya gulio.

Pepo nazo zina lao. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, ila kusi, upepo wa katikati ya mwaka, huuongeza kasi, na kaskazi, upepo wa mwanzoni mwa mwaka, huupunguza. Tope la kuchimba gati lililopimwa Januari halisemi lolote la uhakika kuhusu Julai.

Ujuzi huu una mipaka: mchokoaji haoni zebaki majini, na nahodha wa ngalawa huenda hajui hata tundu moja la pweza. Kwa hiyo mkutano mmoja wa kijiji hautoshi. Akina mama waulizwe peke yao, tena huko huko mwambani.

Tanga hili si geni. Mpango wa pwani ulioanza 1994 uliwakalisha wanavijiji na maofisa pamoja. Miamba kadhaa ilifungwa isivuliwe kwa makubaliano, na wanavijiji wakafunzwa kuikagua wenyewe. Tathmini yoyote ya ufukwe huu ingepaswa kushuhudia angalau bamvua moja la kusi na moja la kaskazi, wachokoaji wakiwepo, kabla mtu hajatia saini.