Maneno ya nyimbo za roki: tunayodhani na yaliyomo

Msikilizaji aliyelelewa na taarabu ana sikio la mafumbo. Akisikia ua, anataka kujua ni la nani; akisikia paka, anajua kuna jirani kapigwa kijembe. Sikio hilo ni hazina, ila likihamia kwenye roki ya Waingereza na Wamarekani hupotea njia. Huko jambo lenyewe mara nyingi limesemwa waziwazi kwenye ubeti wa pili, sisi bado tumeganda kwenye kiitikio. Na wenye lugha yao hawana nafuu yoyote, kama tutakavyoona.

Dhana: ukikijua kiitikio, wimbo umeujua

Hapa mfano ni mmoja tu, "Born in the U.S.A." wa Bruce Springsteen, wa mwaka 1984. Dramu zinapigwa kwa nguvu, kinanda kinarudia mdundo uleule, na mwimbaji anapaza sauti kwamba kazaliwa Marekani. Uwanja mzima unapeperusha bendera. Kwa miaka mingi watu wameuchukua kuwa wimbo wa kuitukuza nchi, na umepigwa kwenye mikutano ya siasa kwa nia hiyohiyo.

Sasa zisikilize beti. Kijana kazaliwa katika mji uliokufa. Anapata msala kidogo nyumbani, anakabidhiwa bunduki na kupelekwa Vietnam. Anarudi, anakwenda kiwanda cha kusafisha mafuta kuomba kazi, na mwajiri anamjibu kwa lugha ya watu wa ofisini: ingekuwa juu yangu, mwanangu... Anakwenda idara inayoshughulikia askari waliorudi vitani, nako anatoka mikono mitupu. Alikuwa na ndugu aliyepigana Khe Sanh, huko Vietnam. Adui bado yupo, ndugu hayupo. Ndugu huyo alikuwa na mpenzi Saigon, na kilichobaki ni picha. Mwishoni msemaji yuko karibu na ukuta wa gereza, miaka kumi imepita, na hana pa kukimbilia. Hakuna fumbo hata moja. Yote yamesemwa.

Septemba 19, 1984, Rais Ronald Reagan alikuwa Hammonton, New Jersey, kwenye kampeni, akamtaja Springsteen, mwana wa jimbo hilo, kuwa nyimbo zake zina ujumbe wa matumaini. Wengi husimulia kwamba aliusifu wimbo huu. Hakuutaja, alimtaja mwimbaji. Siku chache baadaye, jukwaani Pittsburgh, Springsteen akajiuliza mbele ya mashabiki ni albamu ipi hasa rais anaipenda, kisha akapiga "Johnny 99", habari ya mfanyakazi wa kiwanda cha magari aliyefutwa kazi, akaua, akahukumiwa miaka 99. Jibu lilikuwa hilo.

Lakini wanaodai kwamba kiitikio ni kejeli tupu nao wamekosea upande wa pili. Sauti ile haichezi. Huyu ni mtu aliyenyimwa kila kitu, anadai kilichobaki, yaani kwamba hapa ni kwao. Ukiziondoa beti unapata bendera tupu, na ukikiondoa kiitikio unapata malalamiko tu. Inashangaza jinsi wasomi wa muziki wanavyopenda kuchagua upande mmoja.

Dhana: sauti ikiwa laini, basi ni mapenzi

"Every Breath You Take" wa kundi la The Police, wa 1983, umepigwa harusini duniani kote, na sina shaka hata huku wapo maharusi walioingia nao ukumbini. Msemaji anamwambia mwanamke kwamba kila pumzi, kila hatua, kila kauli yake, yeye atakuwa anamtazama. Hebu ufikirie ujumbe huo ukiingia kwenye simu ya binti yako kutoka kwa mwanaume aliyeachana naye. Sting, mwimbaji wa kundi hilo, aliuandika Jamaica ndoa yake ya kwanza ikivunjika, na mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba ni wimbo wa wivu na kumchunga mtu. Gitaa ndilo linalotudanganya.

Dhana: mwimbaji anasimulia lililomtokea

Kisa cha "In the Air Tonight" wa Phil Collins, wa 1981, kimezunguka sana. Eti Collins alimwona mtu akizama majini, mwingine akasimama pembeni bila kumwokoa. Miaka ikapita, Collins akamwalika yule katili kwenye onyesho, akamkalisha mbele na kumwimbia. Hadithi tamu, na haikutokea. Collins alikuwa anaachana na mkewe, ana hasira, na maneno mengi aliyatoa papo hapo wakati wa kurekodi nyumbani. Kuzama kumo ndani ya wimbo, lakini ni lugha ya mtu aliyeumizwa anayesema kwamba hata wewe ukizama sikupi mkono. Kwetu mtu akiimba kwamba moyo wake umeungua, hakuna anayeita zimamoto.

Dhana: kila neno la ajabu linaficha siri

The Beatles ndio waliosumbuliwa zaidi na jambo hili. "Lucy in the Sky with Diamonds", wa 1967, una herufi za mwanzo zinazofanana na jina la dawa ya kulevya ya LSD, na kwa watu wengi mjadala uliishia hapo. John Lennon, mmoja wa waimbaji wa kundi hilo, alikana mpaka alipouawa mwaka 1980. Maelezo yake ni kwamba mwanawe Julian alirudi kutoka shule ya watoto na picha aliyomchora mwenzake darasani, Lucy O'Donnell, akasema ni Lucy yuko angani na almasi. Lucy huyo alikuwepo kweli. Mandhari ya wimbo, mto na mashua, Lennon aliyachota kwenye vitabu vya Lewis Carroll, mwandishi wa hadithi za Alice. Hata hivyo mwenzake kundini, Paul McCartney, amekubali baadaye kwamba dawa hizo zilikuwa na mchango wake. Ukweli basi uko katikati: jina limetoka kwa mtoto, rangi zake zimetoka kote kuwili.

Wimbo huo ulikuwa ukipigwa kambini Hadar, Ethiopia, Novemba 1974, siku mtafiti wa visukuku Donald Johanson na wenzake walipokuta mifupa ya kiumbe wa miaka milioni 3.2, wakamwita Lucy. Jina la kisayansi la jamii yake lilikuja kusimikwa juu ya taya lililopatikana Laetoli, Tanzania. Hayo hayaelezi maana ya wimbo, ila ni vigumu kuyapita kimya.

Mwaka huohuo wa 1967 mwanafunzi wa Quarry Bank, shule aliyosoma Lennon, alimwandikia barua kwamba mwalimu wao anawachambulisha nyimbo za Beatles darasani. Lennon alicheka, akaandika "I Am the Walrus" na kuujaza upuuzi kwa makusudi ili awaone wachambuzi wakihangaika. Walihangaika, na bado wanahangaika.

Dhana: ukiupiga kinyumenyume, shetani anaongea

Kaseti za mahubiri zimelieneza hili hata huku kwetu. Mwaka 1990, Reno, jimbo la Nevada, bendi ya Judas Priest ilishtakiwa na familia za vijana wawili waliojipiga risasi, madai yakiwa kwamba wimbo mmoja ulikuwa na amri zilizofichwa. Jaji hakukubali kwamba bendi ina hatia. Mwimbaji Rob Halford alileta mahakamani vipande vya nyimbo zao vilivyopigwa kinyume, na humo wakasikika watu wakimlalamikia mama kuhusu kiti kilichovunjika. Miaka mitano kabla, wanasaikolojia John Vokey na Don Read wa Kanada walikuwa wameipiga Zaburi ya 23 kinyumenyume. Wasikilizaji hawakusikia cha maana mpaka walipoambiwa mapema wasikilize nini, na hapo wakakisikia.

Dhana: "Bismillah" ya Freddie Mercury ni salamu kwa Zanzibar

Farrokh Bulsara, ndiye Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, katika familia ya Waparsi wa dini ya Zoroasta. Familia ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Mtoto wa Mji Mkongwe hakuhitaji kamusi kulijua neno hilo. Mpaka hapo niko pamoja na wanaojivunia. Lakini ndani ya "Bohemian Rhapsody", wa 1975, neno hilo linakaa jirani na Scaramouche, mchekeshaji wa maigizo ya Kiitalia, na Galileo yule mwanasayansi, na Figaro, kinyozi wa kwenye opera, katika kwaya inayoiga opera kwa mzaha. Mercury alikataa kuueleza wimbo huo maisha yake yote. Anayetoa humo ushahidi wa dini au wa uzalendo anajitungia mwenyewe.

Dhana: "Africa" wa Toto unahusu Afrika

Kila Mtanzania akiusikia anakwama palepale: Kilimanjaro imesimama juu ya Serengeti. Aliyetoka Moshi na Land Cruiser kwenda Seronera anajua ni safari ya kutwa, Meru, Bonde la Ufa na Ngorongoro zote zikiwa katikati; kati ya kilele na hifadhi ni zaidi ya kilomita 200. David Paich, aliyeuandika wimbo huu wa 1982 pamoja na mwenzake wa kundi la Toto, Jeff Porcaro, alikuwa hajawahi kukanyaga bara hili. Porcaro alieleza kwamba msemaji ni kijana wa Kizungu anayejaribu kuandika wimbo kuhusu Afrika, na kwa kuwa hajafika, anatumia aliyoyaona kwenye televisheni. Ramani iliyokosewa ni yake.

Na mvua, ambayo msemaji anaimba kwenye kiitikio kwamba anaibariki? Paich alisoma shule ya Kikatoliki ambako baadhi ya walimu walikuwa wamewahi kuwa wamisionari Afrika. Walimsimulia kwamba huko walikuwa wakibariki kila kitu: Biblia, watu, mazao, na mvua ikinyesha, nayo wanaibariki. Ndiyo hiyo.