Mizani ya Wiki ya Kwanza Hudanganya

Tangu mwaka uanze, kliniki yetu ya lishe inapokea malalamiko ya aina mbili. Wapo wanaolalamika kwamba wamefuata maelekezo na bado wanapungua "kidogo mno". Wapo pia waliopungua sana, wakafika kwetu wakijishikiza ukutani. Wa kwanza wako salama. Hao wa pili ndio walionifanya niandike.

Kasi tunayoikubali kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na baada ya miezi michache hata hiyo hupungua, kwa sababu mwili mwepesi hutumia nishati kidogo. Mwenye kilo 90 akishusha kilo 4.5 hadi 9 ndani ya miezi sita, yaani asilimia 5 hadi 10, mara nyingi presha na sukari huanza kutulia. Sisi tunalenga hapo. Gauni ni suala la fundi.

Kilo nne za wiki ya kwanza si mafuta. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takribani gramu tatu za maji. Ukiacha ugali ghafla, akiba inatumika na maji yake unayakojoa. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takribani kalori 7,700. Kupoteza kilo tano za mafuta kwa wiki kunataka upungufu wa kalori 5,500 kila siku, na wengi wenu hamli hata nusu ya hizo. Hesabu hii nimeiandika ubaoni mara nyingi, na bado mtu ananyoosha mkono kuniuliza habari za maji ya ndimu.

Dada mmoja aliletwa na wifi yake, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya sendofu. Kilo saba kwa siku 12. Akatoa pakiti ya chai kwenye mkoba: mbele picha ya kiuno chembamba, nyuma maandishi ambayo si yeye si mimi tuliyeweza kuyasoma, namba ya usajili hakuna. Nilipomwambia apande kwenye mizani, alishika kwanza mgongo wa kiti. Alikuwa anaharisha mara tano kwa siku akiamini "mafuta yanatoka". Mafuta hayatoki kwa njia hiyo! Yaliyotoka ni maji na madini, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaitegemea ili upige sawasawa.

Chai za namna hii mara nyingi huwa na majani ya sena, yanayoharisha. Baadhi ya bidhaa za kupunguza mwili zimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Utaratibu usomwe kwa makini. Dawa za kisasa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Dawa za asili ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Ukipata madhara, usitupe pakiti. Ilete kituo cha afya, na risiti kama ipo, ijazwe fomu ya kuripoti madhara: tarehe uliyoanza, kiasi ulichotumia kwa siku, dawa nyingine unazomeza, na mahali uliponunua. Bila pakiti mkaguzi hana pa kuanzia. Dawa isiyosajiliwa hukamatwa na kuteketezwa, na muuzaji anaweza kushtakiwa. "Niliuza kwenye simu tu" si utetezi.

Kuhusu sindano za semaglutide, za kisukari na kupunguza mwili, hizo ni dawa za cheti, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya bandia zake. Muone daktari.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asianze kushinda njaa kienyeji, sukari itashuka mno na kumwangusha. Wajawazito wasianze kabisa bila ushauri wa daktari. Na anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki anajiongezea hatari ya mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Chakula mnakijua. Niseme tu kwamba kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takribani kalori 120, na jikoni kwetu mafuta humiminwa kwa macho. Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, umeshakojoa, bila viatu, mizani ileile. Anayejipima asubuhi na jioni anapima wali na maji.

Yule dada aliacha chai, akapimwa damu, akarudi baada ya wiki. Kilo nne zilikuwa zimerudi, akalia palepale juu ya mizani. Nikamwonyesha kwenye kadi: hayo ni maji yako mwenyewe. Gauni lake fundi aliliachia mshono wa ubavuni, sentimita mbili kila upande.