Lüderitz: mji ambao bahari yake ndo imeamua kila kitu

Nikisema nimetoka Namibia kila mtu ananiuliza yale matuta mekundu ya mchanga, nami najibu matuta niliyaona kwa mbali tu, safari yangu ilikuwa ya Lüderitz na nilikaa siku tisa. Mi kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege, huu mwaka wa 14, zaidi Saadani na Mafia, kwa hiyo mji ambao pengwini wanaishi jirani na jangwa nilikuwa nautamani tangu naanza kazi. Naandika hapa kwa wale wanaofikiria kwenda, lakini pia kwa sababu nadhani wengi wanafika pale, wanapiga picha nyumba zilizojaa mchanga, wanaondoka bila kuelewa wameona nini.

Kufika ndo shughuli yenyewe. Kutoka Windhoek unashuka kusini mpaka Keetmanshoop, kama kilomita 500, halafu unakata magharibi kilomita 335 hivi, lami mwanzo mwisho. Ukishapita kamji ka Aus zimebaki kilomita 125 na hapo hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna hata mti wa kupaki gari chini yake, kwa hiyo mafuta jaza Aus. Karibu na mji mchanga unavuka barabara kama mto, na mi nilipita saa tisa mchana upepo umechachamaa, nikafika rangi ya mbele ya gari la kukodi imekwanguka kama imepigwa msasa, na wenye gari wakanikata hela nyingi bila kunionyesha hesabu. Pita asubuhi. Upepo kule unaamka mchana.

Na huo upepo usiuone kama kero tu, maana ukiuelewa huo umeshauelewa mji wote.

Sisi tumezoea bahari ya vuguvugu, unaingia maji ya Pangani alfajiri wala hushtuki. Lüderitz nilitia miguu, dakika mbili vidole vikafa ganzi, na jua la jangwani linanichoma kichwani saa hiyohiyo! Maji ya pale mara nyingi ni nyuzi 12 mpaka 15 hivi. Inakuwaje? Kuna mkondo wa baridi unaitwa Benguela unapanda na pwani kutoka kusini, halafu kuna upepo wa kusini unaovuma sambamba na ufuo, na upepo huo unayasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, sasa yakiondoka hayo lazima mengine yapande kutoka chini kujaza nafasi, na ya chini ni ya baridi kali na yamebeba rutuba yote iliyozama kule. Hapo Lüderitz maji yanapanda kwa nguvu ambayo sehemu chache sana duniani zinaifikia. Yakikutana na mwanga wa jua, vijimea visivyoonekana kwa macho vinashamiri, samaki wadogo wanakula, na ndege, sili na pomboo wanawala samaki. Lakini hewa inayokaa juu ya maji baridi haipandi kutengeneza mawingu ya mvua, inaleta ukungu tu, ndo maana mvua ya mwaka mzima pale haifiki milimita 20. Yaani upepo uleule umeijaza bahari na umeikausha nchi.

Bartolomeu Dias, Mreno, aliingia ghuba hii mwishoni mwa 1487. Wareno wakaja kuiita Angra Pequena, ghuba ndogo. Akaendelea, akaizunguka ncha ya kusini ya Afrika, na wakati wa kurudi, Julai 1488, akasimamisha hapo nguzo ya jiwe yenye msalaba. Unaoukuta leo ni wa kuiga, uko juu ya mwamba, unapanda ngazi huku umeshika chuma kwa mikono miwili. Nilikaa pale muda mrefu, nikawaza ile nguzo ya Malindi ambayo wageni wangu wengi wanaijua, maana ni njia moja hiyo, Dias aliifungua na miaka kumi baadaye, 1498, Vasco da Gama akaipita na kutokea Mombasa na Malindi. Vitabu vya shule vinaanza habari na nguzo hizi utafikiri hakukuwa na watu, wakati Wanama, wenyeji wa kusini ya Namibia, na waliowatangulia walikuwa wanaijua pwani hiyo tangu enzi, wanaokota chaza na kula nyangumi aliyekwama ufukweni.

Si mbali na msalaba, ng'ambo ya mkono mwembamba wa maji, kuna kisiwa cha Halifax. Beba darubini nzuri. Nilifunga ya miguu mitatu, nikakinga upepo kwa mlango wa gari, na mara nikamwona pengwini wangu wa kwanza: kifua cheupe, mstari mweusi kama kiatu cha farasi, ngozi ya pinki juu ya jicho, na joto likizidi hiyo ngozi inakolea kwa sababu damu inapelekwa pale kupoozwa. Upepo ukitulia unawasikia, wanalia kama punda, kama punda kabisa.

Zamani walikuwa wengi mno. Kilichowaangusha kilianza na kinyesi chao wenyewe. Kwa kuwa mvua hainyeshi, kinyesi cha ndege kwenye visiwa hivi hakioshwi, kinalundikana karne na karne, na kwenye kisiwa cha Ichaboe, kaskazini ya mji, kilifika mpaka mita 7. Hiyo ndo gwano, mbolea kali, na kati ya 1843 na 1845 zilikuja mamia ya meli kuikwangua mpaka ukabaki mwamba mtupu. Pengwini alikuwa anachimba shimo humo na kutaga ndani, kivulini. Siku hizi anataga wazi juu ya jiwe, jua likiwaka anashindwa kuvumilia, anakimbilia majini, na shakwe wapo wanasubiri yai. Juu ya hapo, miaka ya 1960 na 1970 meli za uvuvi zikamaliza dagaa wenye mafuta, hivyo anajilisha visamaki vingine visivyo na nguvu hiyo. Mwaka 2019 homa ya ndege ikaua mamia hapohapo Halifax. Duniani kote jozi zinazozaa za pengwini huyu wa Afrika zimeshuka chini ya 10,000, na 2024 pengwini huyu aliwekwa kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Namibia imetenga eneo la hifadhi baharini tangu 2009, urefu kama kilomita 400 za pwani, visiwa vyote vimo.

Fisi nao. Sisi wa Tanzania tuna fisi madoa na fisi miraba, huyu wa kahawia hayupo kwetu, ana manyoya marefu yanaburuzika ubavuni kama shuka. Kusini ya mji kuna makundi makubwa ya sili, na fisi hawa wanatoka jangwani kuwinda watoto wa sili, ambao wanazaliwa Novemba na Desemba. Asubuhi moja nilikuta nyayo zake kwenye mchanga wenye unyevu wa ukungu, za mbele kubwa kuliko za nyuma, zimenyooka kuelekea baharini, na pembeni yake zimeandamana nyayo za bweha mgongo mweusi, bweha huyuhuyu wa Serengeti, amemfuata mkubwa kusubiri mabaki.

Sasa nifike kwenye kisiwa cha Papa, Shark Island kwa Kiingereza. Mwaka 1883 mfanyabiashara wa Bremen, Adolf Lüderitz, alinunua ghuba hii kupitia wakala wake kwa chifu wa Wanama wa Bethanie, Josef Frederiks, kwa pauni 100 na bunduki 200. Baadaye wakaandikiana mkataba mwingine wa pwani, upana maili 20 kwenda bara. Frederiks alijua maili za Kiingereza, za kilomita 1.6. Lüderitz akadai ni za Kijerumani, kila moja zaidi ya kilomita 7. Mwaka uliofuata bendera ya Ujerumani ikapandishwa.

Waherero na Wanama walipopigana kutetea ardhi yao, aliyeletwa kuwamaliza ni Lothar von Trotha, ambaye miaka ya 1890 alikuwa kamanda hukuhuku kwetu Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mateka wakaletwa kisiwa cha Papa kati ya 1905 na 1907, miaka ileile babu zetu wanapigana Majimaji. Hao ni watu wa bara, wa nchi ya joto kavu, wakawekwa juu ya mwamba unaopigwa na ule upepo niliokueleza, na ukungu, matambara mwilini, wakajenga reli na gati. Waliokufa wanakadiriwa 1,000 mpaka 3,000, mmoja wao kiongozi wa Wanama, Cornelius Fredericks. Mafuvu yakapelekwa Ujerumani, na sisi ambao bado tunatafuta fuvu la Mangi Meli hatuhitaji kuelezwa uchungu huo. Kisiwa siku hizi kimeunganishwa na mji, na sehemu yake ni kambi ya watalii, mahema yanapigwa palepale. Mi sikulala pale, na wageni wangu siwalazi pale. Nenda kwa miguu, usome mawe ya kumbukumbu, na ukipata mwongozaji Mnama mpe muda wake wote.

Ni kwenye reli hiyohiyo Aprili 1908 Zacharias Lewala, kibarua aliyewahi kufanya kazi Kimberley, mji wa machimbo ya almasi Afrika Kusini, aliokota almasi akiwa anaondoa mchanga, akampelekea bosi wake August Stauch. Stauch akawa tajiri, Lewala hakulipwa kitu. Mwaka huohuo eneo kubwa likafungwa watu wasiingie, na kwa vile lilifungwa karne nzima wanyama na mimea vimebaki, tangu 2008 ni hifadhi ya taifa. Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa mpaka ukabaki tupu 1956, ndo zile nyumba za mchanga. Kata kibali, nenda asubuhi maana saa saba mchana wanafunga. Na njiani simama Garub uone farasi wa porini wakinywa maji.

Kwa pengwini, nenda Aprili mpaka Agosti, upepo unapoa kidogo. Boti zinatoka asubuhi, safari yangu ya kwanza iliahirishwa mara mbili, kwa hiyo usipange siku moja tu. Jioni ya mwisho nilirudi ng'ambo ya Halifax na darubini, jua linazama, wakaanza kurudi vikundi vikundi kutoka baharini, nikahesabu 41. Wa mwisho alitupwa na wimbi juu ya jiwe, akateleza, akasimama, akajikung'uta maji, halafu akapanda taratibu mpaka kwa mwenzake aliyekuwa amelalia yai, wakalia wote wawili.