"Macerate" si kutwanga

Wiki iliyopita nililetewa hapa Ujiji karatasi ya maelekezo ya kutayarisha dawa ya majani, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, ikimwagiza msomaji "atwange majani kwa saa 12". Mama aliyeileta aliniuliza, bila kucheka, kama ni lazima atwange mtu mmoja au wanaruhusiwa kupokezana mchi. Kitenzi kilichomponza mfasiri ni "macerate", na kwa kuwa si mara ya kwanza kukiona kikigeuzwa kuwa kutwanga, kusaga au kukatakata, naomba nikieleze.

Maana yake ni kuloweka kitu katika kimiminika mpaka kilainike.

Kinatokana na "macerare" ya Kilatini, yaani kulainisha kwa kuloweka, na pia kudhoofisha. Kiliingia katika Kiingereza karne ya 16, na kwa kuwa kinafanana na neno "macer", lenye maana ya aliyekonda, kikatumika pia kwa mtu anayejidhoofisha kwa kufunga. Matumizi hayo yamechakaa, lakini hata humo hakuna kisu wala kinu, kwani mfungaji hulegea kidogo kidogo. Lawama nyingine ni ya wenye lugha wenyewe, ambao mashine ya kusaga uchafu wa vyooni waliipa jina la "macerator", na wengi wakadhani kazi ya kitenzi hiki ni ya meno ya chuma. Wapo pia wanaokichanganya na "lacerate", ambacho ni kurarua na hakina undugu nacho.

Mtu wa Kigoma hana sababu ya kutatizika. Muhogo mchungu uliomenywa huzamishwa majini siku kadhaa, hata ukiubonyeza kwa kidole unabonyea na uzi wa katikati unachomoka wenyewe, huku sumu yake ya sianidi ikipungua. Hapo ndipo kitenzi hiki kinapostahili, na kusaga huja baadaye, muhogo ukishakauka. Ule unaovundikwa bila maji mpaka uote ukungu nao hulainika, ila haukuzama, kwa hiyo haumo. Hazimo pia chikichi zinazochemshwa kabla ya kukamuliwa mawese, kwa sababu zimelainishwa na moto, na watayarishaji wa dawa hutenga kabisa majani yaliyolowekwa katika maji yasiyo moto na yale yaliyochemshwa.

Nakiri kwamba "kuloweka" peke yake hakutoshi, maana hata shati hulowekwa likatoka shati lile lile. Kwa hiyo, mfasiri mwenzangu, naomba karatasi ile isomeke hivi: "Loweka majani katika maji yasiyo moto kwa saa 12, mpaka yalainike." Mama yule nimekwisha kumwambia arudishe kinu jikoni.