Kwa nini mvutaji hukaa mchana kutwa wa Ramadhani bila sigara, na siku ya kawaida hawezi hata saa mbili?

Kila Ramadhani, pale barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, hutokea jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa na jibu lake tayari, na jibu lenyewe lilikuwa la makosa. Wanaume wanaomaliza pakiti nzima kwa siku, ambao mwezi wa Shaabani hawawezi kungoja matatu ijae bila kuwasha moja, hukaa tangu alfajiri hadi Magharibi, zaidi ya saa 13, bila kuvuta. Wanauza dukani, wanabeba mizigo Marikiti, wanapatana bei na wateja wagumu, na huoni mkono unaotetemeka. Mwezi wa Idd ukiandama tu, asubuhi yake chai haijapoa sigara iko mdomoni.

Mimi nilisema hivi: anayeweza mwezi mzima anaweza mwaka mzima, na asiyeacha ni kwa kuwa hana nia. Nilimwambia hivyo ami yangu, mdogo wake baba, aliyevuta tangu kabla sijazaliwa. Tulikuwa tumetoka kuswali taraweh. Alishika kikombe cha kahawa chungu kwa vidole viwili, na sigara kwa vidole viwili vya mkono uleule, kama kawaida yake.

"Ami, mchana kutwa umeweza. Si ni nia tu?"

Hakukasirika. Alikung'uta jivu pembeni, akasema: "Mwanangu, mchana sikuwa na haja nayo. Wanisifu kwa vita nisivyopigana."

Nilidhani anakwepa. Kumbe alikuwa amenipa jibu zima, na leo najuta kwamba sikumwomba aendelee kusema.

Kosa langu, ambalo nalisikia mpaka leo kwa watu wengi, hata kwenye mawaidha, ni kudhani kwamba hamu ya sigara ni ileile kila siku, na kwamba mwezi wa Ramadhani mvutaji huwa na nguvu zaidi za kuizuia. Kwa dhana hiyo anayerudia sigara baada ya Idd ni mtu aliyekuwa na nguvu akaitupa. Tunamlaumu, naye anajilaumu, kisha anavuta ili apunguze uzito wa lawama. Lakini waulize wenyewe. Wengi watakwambia kwamba saa nne asubuhi hawakuwa wakipambana na kitu chochote. Hamu yenyewe ilikuwa ndogo.

Hapo panaingia mtu wa pili na kosa la pili: basi ni mwili, nikotini haijaisha damuni, subiri ipungue utamwona. Tupige hesabu. Kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Aliyevuta ya mwisho baada ya daku, adhuhuri amebakiwa na chini ya sehemu moja kwa nane. Alasiri ni asilimia 2 au 3. Magharibi ni kama asilimia 1. Yaani sehemu kubwa imeondoka asubuhi, wakati mtu ametulia kabisa. Kati ya Alasiri na Magharibi hakuna cha maana kilichobaki kupungua, na ndio wakati huohuo watu wanapoanza kuzozana juu ya kiti, kuangalia simu kila dakika, kupapasa mfuko kuhakikisha kiberiti kipo.

Bila shaka mtu makini atasema dalili za mwili huchelewa, kwa hiyo jioni ni mbaya kwa sababu saa zimejumlishana. Ni hoja nzuri, na hesabu yangu peke yake haiivunji. Inahitajika njia ya kutenganisha mambo mawili ambayo barazani huenda pamoja: muda uliopita tangu sigara ya mwisho, na muda uliobaki kufikia inayofuata.

Njia hiyo ilipatikana angani. Mwaka 2010 Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichapisha utafiti juu ya wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Ndani ya ndege hakuna kuvuta, hilo halina mjadala. Wahudumu walipima hamu yao kwa vipindi katika safari fupi za saa chache, na tena katika safari ndefu za kuvuka bahari. Kama hamu inatokana na muda wa kukosa nikotini, basi baada ya saa zilezile tangu kuruka, hamu ingepaswa kulingana katika safari zote mbili. Haikulingana. Safari fupi ikikaribia kutua, hamu ilikuwa juu sana. Kwa saa zilezile katika safari ndefu, ndege ikiwa bado juu ya maji, hamu ilikuwa chini kwa mbali. Ikaja kupanda safari ndefu nayo ilipokaribia kutua. Miaka mitano kabla ya hapo, 2005, Dar na wenzake walikuwa wamewapima Mayahudi washika dini ambao hawavuti siku ya Sabato. Hamu yao ilikuwa ndogo Jumamosi asubuhi, ikapanda Sabato ilipokaribia kuisha jioni, na kwa jumla ilikuwa chini kuliko siku ya kazi ambayo waliombwa tu wakae bila kuvuta. Ukinisomea matokeo hayo bila kuniambia ni ya wapi, ningeapa ni baraza letu.

Wahudumu na washika Sabato hao walikuwa makumi, si maelfu, na hamu ni kitu ambacho mtu hukipima mwenyewe kwa kujiuliza. Hata hivyo tafiti zote mbili zinaelekea upande mmoja, na upande huo ndio aliouelekeza ami.

Nenda kivukoni Likoni jioni, upande wa kisiwani, uone jinsi inavyofanya kazi. Feri ikiwa bado ng'ambo watu wametulia. Huyu anatafuna mahindi ya kuchoma, yule yuko kwenye simu, mama mmoja kakalia gunia lake la viazi. Feri ikifika katikati ya mkondo, wanaanza kusimama mmoja mmoja. Ikishusha ule mlango wake wa chuma, ni bega kwa bega. Sasa tazama jambo moja: aliyefika kivukoni dakika hiyohiyo anasukuma sawasawa na aliyengoja nusu saa. Kwa hiyo kilichowainua si kungoja kwingi. Ni feri kukaribia. Na mlinzi akitangaza kwamba feri imeharibika, hakuna nyingine mpaka asubuhi, utawaona wakilalamika, kisha wakiondoka. Dakika kumi baadaye hakuna anayesukuma lango.

Ubongo nao uko hivyo. Sehemu yake inayotusukuma kutafuta vitu, ile inayotumia kemikali ya dopamini, huamka kwa nguvu ikipata ishara kwamba kitu kinachotakiwa kiko karibu na kinaruhusiwa. Mchana wa Ramadhani ishara zote zipo, moshi wa mpita njia, pakiti iliyo mfukoni, lakini jibu la "je, ninaweza sasa?" ni hapana isiyo na mlango wa nyuma. Swali halirudi. Siku ya kawaida swali hilo hurudi kila baada ya kikombe cha kahawa, baada ya pilau, ukiwa na fundo la muguka shavuni, mpira ukifika mapumziko, na kila mara jibu ni "labda". Kibanda kiko hatua 20. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka sigara iuzwe katika pakiti isiyopungua 10, lakini mitaani unauziwa moja, na kiberiti cha kuwashia kinaning'inia kwa uzi. Kwa mvutaji wa Mombasa, siku ya kawaida ni feri iliyoshusha mlango tangu anapoamka hadi anapolala. Anachoshwa na kukataa mara 100 kwa siku.

Mbona basi Ramadhani yenyewe haimwachishi? Kwa sababu mbili, na ya kwanza ni ya mwili. Nikotini ni kitu cha kweli, na arosto yake ni ya kweli: hasira, njaa, usingizi wa mang'amung'amu, akili kutotulia. Kwa aliyeacha kabisa, hali hiyo huwa kali zaidi siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua, na kwa wengi imekwisha ndani ya wiki 2 hadi 4. Mfungaji anayevuta usiku hafiki huko. Kila Magharibi anairudisha nikotini, kwa hiyo kwa mwili wake Ramadhani si siku 30 bila sigara. Ni siku ya kwanza, imerudiwa mara 30.

Sababu ya pili imo ndani ya lugha yetu. Msikilize mvutaji jioni ya Ramadhani: "Sijavuta tangu asubuhi." Hiyo *-ja-* ni ndogo lakini imebeba mzigo. Mtu akisema "hajafika", unamwekea chakula. Sijavuta maana yake bado, nitavuta. Anayejaribu kuacha naye husema hivyohivyo, "wiki ya pili sijavuta", na bila kujua yuko kivukoni anaitazama feri. "Sivuti" ni neno jingine kabisa. Halihesabu siku wala halingoji kitu. Mtu asiyekula nguruwe hasemi "sijala nguruwe mwaka wa 40 huu". Harufu yake ikimpitia hapambani nayo; si chake. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Vanessa Patrick na Henrik Hagtvedt, walionyesha kwamba watu waliojizoeza kukataa vishawishi kwa kusema "huwa sifanyi" walivishinda zaidi kuliko waliosema "siwezi". Majaribio yao yalihusu vyakula na mazoezi, si sigara, kwa hiyo nayachukua kwa kiasi.

Kubadili fikra kwa namna hii si kujikaza zaidi. Ni kuufunga mlango mara moja ili usisimame kuulinda kila dakika. Na mlango haufungiki ukiwa bado unaamini kwamba nyuma yake kuna rafiki. Wengi wanaamini sigara huwatuliza. Utulivu wanaousikia ni wa kweli, lakini ni kama wa mtu aliyelipa riba ya deni aliloanza kukopa kwa mkopeshaji yuleyule: sigara ya saa tatu inaondoa wasiwasi ulioachwa na ya saa mbili. Uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulikuta kwamba walioacha walipungukiwa na wasiwasi, huzuni na msongo, wakilinganishwa na walioendelea.

Nisingependa mtu asome haya aone dawa ni kwa wanyonge. Plasta na chingamu za nikotini huongeza uwezekano wa kuacha kwa zaidi ya nusu, na mafunzo ya kubadili fikra peke yake yalipolinganishwa London na huduma ya serikali yenye ushauri na dawa, matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuonyesha tofauti ya wazi. Fikra na plasta havigombani. Hapa kwetu, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bure kwa anayetaka mshauri.

Ami aliacha Jumanne moja ya kawaida, mfunguo tano. Siku ya tatu aligombana na nyumba nzima, hata na paka, akatuomba radhi sote jioni. Alibandika plasta miezi miwili. Rafiki yake wa barazani alikuwa akimuuliza kila akipita, "Hujavuta leo?" naye alimjibu, "Sivuti," mpaka yule akachoka kuuliza.

Ramadhani iliyofuata nilikaa naye kufuturu, na Alasiri yote nilikuwa nikimtazama mikono. Haikwenda mfukoni. Adhana ilipoingia alikula tende tatu, akanywa maji, akauliza kama uji una pilipili manga ya kutosha.